Siku Tuliyomshukuru Ate Cora

Mimi riba siili. Sijawahi kukopa kwa riba wala kukopesha kwa riba, na Mungu akinijalia nitaingia kaburini hivyo hivyo. Lakini riba naijua. Najua inavyoanza kwa tabasamu na kikombe cha chai, najua inavyojiita "ada ya huduma" ikiwa mbele ya watu. Nimeisoma kwa miaka mingi kuliko wengi wanaoila. Wenzangu kwenye ofisi ya ushauri wa madeni pale mtaa wa Lozells walikuwa wakinitania kwamba nimeajiriwa kuonja mchuzi wa nguruwe kwa kunusa tu.

Sasa nimestaafu, magoti yamegoma, na nyinyi vijana mmekalia viti vyetu. Mwenzenu mmoja ameniomba niwaeleze tulivyokuwa tukifanya "zamani". Zamani gani? Ninazungumzia miaka ya elfu mbili, simu za mkononi zilikuwepo na wengine wenu mlikuwa mmeshaanza kutembea. Haya basi, nitaeleza. Najua wengi mmezaliwa hapa Birmingham na mtanijibu kwa Kiingereza. Jibuni mnavyotaka, ila nisikilizeni kwa Kiswahili, maana kwa Kiswahili ndiyo naweza kuwagombeza vizuri.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mboga. Ukipanda ngazi ulipita kwenye harufu ya bizari na ndizi zilizoiva kupita kiasi, na wazee walifika juu wakihema hata kabla hawajaanza kueleza shida. Waliokuja ni wote: Wajamaika, Wapakistani, Wakongo waliochanganya Kiswahili na Kifaransa, Wakenya wauguzi, na Wasomali wenzangu tuliolelewa Kenya, wengine tukiwa tumezungukia Uholanzi kabla ya kutua hapa. Mimi ni mtu wa Isiolo. Waliniita Mama Sahra, kwa jina la binti yangu.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Desmond, Mjamaika wa Handsworth, mrefu, mwenye sauti ya chini. Kabla ya kuja upande wetu alikuwa mkusanya madeni, alikuwa akibisha milango ya watu. Alisema alichoka kufunguliwa na watoto waliofundishwa kusema mama hayupo. Mteja alipokuja na mfuko wa plastiki uliojaa bahasha zisizofunguliwa, na walikuja nao sana, Desmond alinizuia mkono. "Usiguse bahasha, dada. Muulize kwanza kama nyumbani kuna chakula na umeme." Kodi ya nyumba, ushuru wa baraza la jiji, gesi na umeme, hivyo kwanza. Kadi ya duka la nguo inaweza kupiga kelele mpaka ichoke.

Siku moja nilimpokea mzee Mkongo aliyekaa Winson Green, dirisha lake likitazama ukuta wa gereza. Kila barua ya benki ikija, mzee aliangalia ule ukuta akidhani anaitwa humo. Nikamwambia kwa kujiamini, "Mzee wangu, lala usingizi, nchi hii haifungi mtu kwa deni." Desmond akainua kichwa kwenye meza yake. "Dada, muulize kama amelipa ushuru wa baraza." Kwa sababu benki haiwezi kukupeleka gerezani, lakini ushuru wa baraza ukikataa kuulipa kwa makusudi, hakimu anaweza. Mzee alikuwa amelipa, alhamdulillahi. Ila tangu siku hiyo sikumwambia mtu "hufungwi" kabla sijauliza ni deni gani na ni la nchi gani.

Na hilo neno, nchi gani, ndilo lililoniletea Marivic.

Aliletwa na Nyambura. Nyambura alikuwa binti wa Nakuru, akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, na ndiye aliyeshika kipaza sauti kwenye kila harambee ya Wakenya wa mji huu. Kama mtu amefiwa, kama mtoto anakwenda chuo, kama mtu anajenga choo cha mama yake huko nyumbani, Nyambura ndiye aliyesimama mbele kutangaza nani ametoa nini. Alikuwa na kipaji cha kumfanya mtu aingize mkono mfukoni mara ya pili huku akicheka.

"Mama Sahra," aliniambia, "huyu anaitwa Marivic, tunafanya zamu pamoja. Ni wa Ufilipino. Ukimngojea aseme mwenyewe tutalala hapa, kwa hiyo naomba umkazie macho kidogo."

Nikamkazia macho. Alikuwa mwanamke mdogo, viganja vimepasuka kwa sabuni kali ya kazini, na alikaa kwenye ncha ya kiti. Alizungumza Kiingereza taratibu. Alitaka nimsaidie kuandika barua nzuri, ya adabu, kwa kampuni moja ya kukopesha ya mji wao, awaombe wamuazime pasipoti yake kwa wiki chache.

"Wakuazime?" nikauliza.

"Ndiyo, Madam. Nitairudisha."

Nikamtazama Nyambura. Nyambura akatazama dari.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kabla ya kuja Uingereza, Marivic alikopa kwenye kampuni hiyo ili alipe ada za wakala wa ajira na tiketi ya ndege, na kaka yake alisaini kama mdhamini. Kampuni ilikuwa na mtu wake hapa Birmingham, mwanamke Mfilipino aliyeitwa Ate Cora. Ate kwa lugha yao ni dada mkubwa. Ate Cora alikaa na pasipoti ya Marivic, na si hiyo tu. Kila siku ya mshahara waliongozana kwenye mashine ya benki, Ate Cora akatoa pesa, akakata ya kampuni, akamkabidhi mwenzake kilichobaki.

"Kadi ya benki anayo nani?" nikauliza.

"Ate Cora."

"Na namba ya siri?"

"Anaijua."

Alisema hivyo kwa utulivu kabisa. Akanieleza kwamba kwao ni jambo la kawaida. Mwalimu akikopa, mlinzi akikopa, anamwachia mkopeshaji kadi yake ya benki mpaka deni liishe, na hakuna anayeshangaa. Hakuja kulalamika juu ya kadi. Alikuja kwa sababu ruhusa yake ya kukaa na kufanya kazi ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi, mwajiri alitaka pasipoti itumwe na maombi mapya, na kampuni ilikuwa imekataa kuitoa mpaka asaini mkopo mwingine mkubwa zaidi. Asipotuma, hana kazi. Asipokuwa na kazi, hana ukaaji. Na wamemwambia akileta ubishi, kaka yake atafungwa.

Nikakasirika. Nyinyi mnanijua nikikasirika. Nikanyanyua simu na kusema hili ni jambo la polisi.

Marivic akasimama. "Madam, ukiita polisi, mimi sikuja hapa."

Nikarudisha simu. Ndipo akaeleza alivyofika. Alishuka basi pale stendi ya Digbeth, homa inamchemsha, na yule aliyeahidi kumpokea hakutokea. Ate Cora, ambaye alikuwa amekuja kupokea mtu mwingine, alimwona anatetemeka kwenye benchi. Akamvika koti lake mwenyewe, akampeleka nyumbani kwake, akampikia uji wa wali na tangawizi mpaka homa ikaisha, akampigia mwajiri simu ili nafasi isipotee. "Hilo deni," Marivic akasema, akiweka kiganja kifuani, "si la kampuni. Nikimpeleka polisi, kwetu watasema sina haya. Na watakuwa wamesema kweli."

Hapa ndipo mshauri mvivu anaandika kwenye faili: mteja hana ushirikiano. Nimewaona mkiandika hivyo, msijifanye. Mimi sikuandika, kwa sababu deni la namna hiyo nalijua. Kwetu pia mtu akikupa maji siku unapokufa kwa kiu, humpeleki mbele ya askari, hata kama baadaye amekukanyaga. Nikamwambia polisi hawaji. Nikamwambia arudi wiki ijayo, na asisaini chochote, hata kadi ya siku ya kuzaliwa.

Halafu nikaanza kazi. Manila, mji mkuu wao, iko saa nyingi mbele yetu. Tulipofungua ofisi saa tatu asubuhi, kwao ilikuwa saa kumi na moja jioni na watu wanatafuta viatu vyao. Kwa hiyo nilinunua kadi za simu za kukwangua kwenye duka la chini na kupiga kutoka nyumbani, baada ya swala ya alfajiri. Mwanamke wa kwenye kadi aliniahidi dakika nyingi, na kila mara zilikwisha katikati ya sentensi ya muhimu. Mume wangu alisema nimepata mchumba Asia.

Mara ya tatu au ya nne nilimpata karani wa tume yao inayosimamia makampuni, dada mwenye subira. Alinieleza kwamba sheria yao ya kampuni za kukopesha ilikuwa bado changa. Kwa sheria hiyo, anayetaka kuwakopesha watu kama biashara lazima awe kampuni iliyosajiliwa na yenye mtaji wake, asiwe mtu na shemeji yake na sanduku la pesa. Halafu, na hapa nataka mkae wima, kusajiliwa peke yake hakutoshi. Tume lazima itoe na ruhusa ya pili, ruhusa ya kufanya kazi ya kukopesha. Karatasi mbili. Wengi wanaweka ile ya kwanza kwenye fremu, wanaitundika ukutani, na mkopaji akiona muhuri anadhani yote yako sawa. Hata huku kwetu mmewaona wenye maduka wanaotundika cheti cha usafi wa jikoni na kuuza dawa.

Kampuni ya Ate Cora ilikuwa na karatasi ya kwanza. Ya pili haikuwepo, wala haikuwa imeombwa.

"Kwa hiyo deni limekufa?" nikamuuliza yule dada.

Akacheka kwa upole. Deni halifi hivyo. Pesa uliyopokea utairudisha. Mengine nilisoma mwenyewe kwenye kompyuta ya maktaba, miwani ikiwa imeniteleza mpaka puani. Kwa sheria za kwao, riba isiyoandikwa kwenye mkataba haidaiwi. Mkopaji lazima aonyeshwe kwa maandishi gharama zote kabla ya kusaini. Na katiba yao inakataza mtu kufungwa kwa deni, ingawa cheki ikirudi benki bila pesa, hiyo inaweza kuwa jinai, na wakopeshaji wanapenda kuwafanya watu wasaini cheki za tarehe za mbele kwa sababu hiyo. Nikamwambia Marivic amuulize kaka yake. Kaka akajibu kwamba cheki ameziona kwenye sinema. Marivic mwenyewe alisaini nusu ukurasa wenye kiasi alichopokea na basi, riba aliambiwa kwa mdomo. Tulipopiga hesabu ya alichokwisha kukatwa kwenye mshahara, kile alichopokea kilikuwa kimerudi chote, na zaidi.

Nikaupigia simu na ubalozi wao. Huko jibu lilikuwa fupi: pasipoti ni mali ya serikali, hata mwenye picha iliyomo ndani hana haki ya kuiweka rehani.

Nilikuwa na furaha siku hiyo, siwafichi. Nikapanda ngazi nikiimba. Nikamkuta Nyambura amekaa ofisini ananingoja, na yeye ana furaha kuliko mimi.

"Mama, usihangaike tena. Tumeshaanza harambee. Wasichana wote wa zamu wamechanga, Wakenya na Wazimbabwe, mpaka meneja. Jumamosi tunamaliza, ukumbi wa kanisa tumepewa. Tunamlipia Marivic deni lote, anachukua pasipoti yake, tunakula pilau."

Nikaketi. "Nyambura wee. Deni gani unalolipa?"

"Si ndilo hilo la kampuni?"

"Limekwisha. Hilo mnalochangia halipo."

Wakenya tuna ugonjwa huu: tukisikia mtu ana shida, tunapanga ukumbi kabla hatujauliza shida ni ya nani. "Mama, ukumbi tumeshaupata," akasema kwa unyonge. "Na pilau imeshagawanywa, nani alete mchele na nani alete nyama."

Desmond alikuwa amesikia yote. Alitaka barua. Barua ya ofisi kwa Ate Cora, yenye sheria zote, na siku saba za kujibu. Ni njia nzuri, nawaambia muitumie mara nyingi. Lakini nilijua barua ile ingefanya nini. Ate Cora angeogopa, angeipigia kampuni, kampuni ingemwambia atupe pasipoti kwenye mfereji, na mwezi ungeisha. Na Marivic asingekanyaga tena kwenye kanisa lao.

"Harambee ifanyike," nikasema.

"Ya nini sasa?" Nyambura akauliza.

"Ya kumshukuru Ate Cora."

Desmond akavua miwani. Nyambura akaanza kucheka polepole.

Nilimwita Marivic nikamweleza. Kwanza nikamuuliza kama shukrani yake ni ya kweli. Nikamwambia kama ni ya mdomo tusifanye, kwa sababu hatumtegi mtu mtego kwa chakula. Akalia. Akasema tangu siku ya uji ule hakuwahi kupata nafasi ya kumshukuru mbele ya watu, kwa kuwa kila wakionana wanaonana kwenye mashine ya benki.

Basi Jumamosi ikafika. Ukumbi wa kanisa, meza za kukunja, Wakenya na pilau yao, Wafilipino na tambi zao za kukaanga, na mimi nimewekewa kuku wa halali kutoka Lozells kwenye sahani yangu peke yangu, imefunikwa na kuandikwa jina. Desmond alisema ofisi haiendi kwenye sherehe. Kisha akaja, kwa niaba yake mwenyewe, na akala tambi mara mbili.

Ate Cora alikuja amevaa gauni la bluu. Alikuwa mnene kidogo, mwenye uso wa mama mlezi, na mkoba mkubwa chini ya kwapa. Marivic alikuwa ameniambia kwamba pasipoti za watu hukaa mle. Nyumba aliyokaa ilikuwa ya vyumba vya kupangisha, hakuna mlango uliofungwa sawasawa, kwa hiyo alitembea nazo popote, hata kanisani.

Nilimfuata jikoni alipokuwa akipasha chakula moto. Sikutaka ashangazwe mbele ya watu.

"Madam, wewe ni wa serikali?" akaniuliza kabla sijasema.

"Mimi ni wa juu ya duka la mboga."

Hakucheka. Nikamwambia yote, polepole. Kampuni yenu ina karatasi moja, ya pili hawana. Riba hawakuandika. Na hapa Uingereza, kukopesha na kukusanya madeni ya watu ni kazi inayotaka leseni. Mwenye kampuni yuko kule anakula samaki. Anayesimama kwenye mashine ya benki ni wewe, na atakayeulizwa ni wewe.

Aliendelea kukoroga tambi ambazo zilikuwa zimeshapata moto. "Nikiwarudishia," akasema, "kampuni itanidai mimi."

"Kwa karatasi gani?"

Akazima jiko. Akabeba bakuli na kutoka. Nilikuwa na ile barua ya siku saba, ambayo Desmond aliiandika hata hivyo, kwenye pochi yangu, na nilijua nikiitoa, kila kitu kimeharibika.

Nyambura akashika kipaza sauti na kumwita Marivic. Yule mwanamke aliyekaa kwenye ncha ya viti alisimama katikati ya ukumbi na kuongea lugha yao kwanza, kisha Kiingereza ili sote tusikie. Alisimulia benchi la Digbeth. Alisimulia koti. Alisimulia uji, tangawizi, na kwamba Ate Cora alilala sakafuni ili mgonjwa apate kitanda, jambo ambalo mimi hakuwa ameniambia. Wafilipino wakaanza kupangusa macho. Ate Cora aliinamisha kichwa na mkoba akaukumbatia.

"Ule uji nitaulipa maisha yangu yote, Ate," Marivic akasema. "Popote utakaponiita nitakuja. Mtu anayedaiwa hivyo hawezi kukukimbia. Basi pasipoti yangu unaishikia nini?"

Nikaanza kusoma dua ninazozijua. Kisha Ate Cora akavuta zipu ya mkoba. Akaingiza mkono, akatoa kitabu kidogo, akaitazama picha, akampa Marivic pamoja na kadi ya benki. Wakakumbatiana na wakalia, na mimi pia nililia, na Desmond alisema tambi zilikuwa na pilipili.

Ingeweza kuishia hapo. Lakini Nyambura alikuwa na kipaza sauti mkononi, na mazoea ni mazoea.

"Ate Cora," akatangaza, kwa ile sauti ya harambee, "pasipoti moja! Makofi."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Ate Cora naye akacheka katikati ya machozi.

"Lakini naona mkoba haujafungwa," Nyambura akasema. "Dada yetu mkubwa hawezi kuondoka hapa ametoa moja tu, na mimi namjua kwa ukarimu."

Wallahi mkono ukarudi ndani ya mkoba. Ikatoka ya pili. Ate Cora akasoma jina, na msichana mmoja aliyekuwa karibu na mlango akaja mbele huku ameziba mdomo. Makofi. Ya tatu mwenyewe alikuwa zamuni, ikapokelewa na dada yake. Kadi za benki zikafuata. Kila jina lilipotajwa Nyambura alilirudia kwa sauti kubwa, watu wakashangilia, na uso wa Ate Cora ukawa unafunguka, kama wa mtu anayetua mizigo. Mpaka mkoba ukabaki na kitambaa cha mkono na pipi za kikohozi.

"Sasa bado yako mwenyewe," Nyambura akasema, amelewa sifa. "Tuione na yenyewe, Ate, tuipigie makofi."

Watu wakacheka. Ate Cora hakucheka. Akasema kwa sauti ya chini, na kipaza sauti kikaidaka, "Yangu anayo mwenye kampuni."

Alikuwa amekopa kabla yao wote. Riba ikamshinda, wakamwambia atalipa kwa kukusanya kwa wengine. Tangu aje Uingereza alikuwa hajarudi kwao. Mama yake alizikwa yeye akiwa hapa, na aliwaambia watu kwamba hakupata likizo.

Nawaambia mapema msije mkakosa usingizi: ubalozi ulimpa nyingine, na alikwenda. Ile pesa ya harambee ndiyo iliyonunua tiketi, kwa kura ya wachangaji wote. Na kule Marivic alikofanya kazi, ruhusa yake ilirudi na muhuri mpya. Lakini mimi nikikumbuka kazi hii, sikumbuki ruhusa wala tiketi. Nakumbuka Jumatatu ile baada ya sherehe.

Nilifungua mlango nikawakuta wawili kwenye ngazi, Marivic na Ate Cora. Marivic alikuwa ametoka posta, risiti ya kutuma pasipoti ikiwa bado mkononi. Wakaingia. Ate Cora akakaa kwenye kiti cha mteja. Nikamuuliza jina la mwenye kampuni, na alisaini nini siku ya kwanza. Akafungua mdomo, akaangalia mikono yake, maneno hayakuja. Nilimngojea.

Marivic akavuta kiti, akakisogeza mpaka magoti yao yakagusana, akamshika mkono.

"Andika, Madam," akaniambia. "Leo nitamsemea mimi."